Tairi la Nyumba ya Tano

Kaka yangu mkubwa alirudi kutoka Uingereza na cheti cha uhandisi wa maji, kiko ambacho hakujua kukivuta, na tabia ya kusema "kwa kweli" kabla ya kila uongo. Hakukaa sana akanunua gari. Alilipata Nairobi, kwa Mzungu aliyekuwa akifunga virago baada ya Uhuru: gari dogo la mashindano, jekundu, la viti viwili, lisilo na paa ila kitambaa cha kufunga kwa vifungo kama koti. Kwetu, upande wa Nyamira, mvua huja kila alasiri na haibishi hodi. Na boma letu lilikuwa na baba mmoja, mama watano, na watoto wa kujaza kanisa dogo. Ndugu yetu, mtoto wa kwanza wa nyumba ya kwanza, alitazama hali hiyo yote akaona kinachohitajika ni gari la watu wawili.

Mimi nilikuwa binti wa nyumba ya tano. Nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi karibu na Keumbu, na mshahara wangu ulikuwa unatosha kumnunulia mama sukari na kunipa mimi ulimi mrefu. Baada yangu mama alizaa na kuzika, akazaa na kuzika, hadi alipopata mvulana ambaye wakati huo alikuwa bado mgongoni. Nyumba za wenzake zilikuwa na vijana wenye ndevu. Yetu ilikuwa na mtoto wa kunyonya na mwalimu wa kike, na katika mambo ya ardhi sisi wawili tulihesabiwa sawa, yaani hatukuhesabiwa.

Mwaka huo wapimaji wa ardhi walikuwa wanakuja. Walikuwa wameshamaliza vilima vya jirani, na kila mtu alijua watakachouliza wakifika kwetu: bwana, una nyumba ngapi, na kila nyumba inalima wapi? Baba alikuwa na jibu la kila siku isipokuwa siku hiyo. Mama yangu alilima ng'ambo ya kijito, kipande chenye maua ya pareto na migomba, udongo mzuri kuliko wote. Mama mkubwa, mke wa kwanza, alikuwa ameanza kukiita kipande hicho "kule kwetu ng'ambo". Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto. Na alipoulizwa habari za mama yangu, alikuwa akisema, "Nyumba nne zinatosha. Yule tulimpokea tu."

Basi hapo ndipo matairi yalipoingia.

Kaka alikuwa amejiandikisha kwenye mashindano ya magari kule Nakuru, kwenye uwanja wa lami uliozunguka kama mkufu. Gari lake lilikuwa na matairi vipara, hata nyuzi za ndani zilianza kuchungulia. Jumapili moja baada ya chakula akatusomea somo uani, kiko mkononi, mguu mmoja juu ya bampa. Alisema kuchagua tairi si mchezo. Lami inataka mpira laini unaong'ang'ania, lakini mpira laini ukiupeleka kwenye changarawe ya murram ya Keumbu mawe yanautafuna kama muwa. Matope yetu yanataka meno makubwa, lakini meno makubwa yakikanyaga lami kwa kasi yanatetemeka, na kwenye kona gari linaelea. Yeye alihitaji tairi la kati: meno mafupi, mifereji ya kupitisha maji, mpira usio laini sana wala mgumu sana, litakalompeleka ofisini Kisii siku za kazi na kumzungusha Nakuru siku ya mashindano. Hadi hapo alikuwa na akili, na ninamkubali. Kisha akafungua mdomo tena.

"Lakini kubwa kuliko yote," alisema, "sharti yote manne yawe ya aina moja. Ndugu wa tumbo moja. Ukichanganya matumbo, gari litakuua."

Mama mkubwa peke yake ndiye aliyetabasamu, akaangalia chini kwa adabu. Mama wa pili aliacha kupepeta wimbi. Mama wa tatu na wa nne, ambao hawakuwa wamezungumza tangu ndama wa mmoja ale mboga za mwingine, walitazamana kama marafiki wa zamani.

Baba akakohoa. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya kijeshi aliyoirithi sijui kwa nani, na alipokohoa hata kuku walisubiri.

"Kwa hiyo matumbo yakichanganyika yanaua," alisema.

"Baba, nazungumza habari za matairi."

"Nimesikia unachozungumza. Uliposafiri kwenda Uingereza, ng'ombe waliouzwa walitoka tumbo moja?"

Kaka akanyonya kiko kilichozimika. Ng'ombe walikuwa wametoka kila zizi, hata la mama yangu, na jambo hilo lilikuwa halijawahi kutajwa kwa sababu lilikuwa linajulikana.

Baba akakata kauli palepale. Gari ni la boma. Kila nyumba itaweka mguu wake. Nyumba ya kwanza mbele kulia, upande wa dereva, ya pili mbele kushoto, ya tatu na ya nne nyuma kwa utaratibu huohuo, na kila nyumba itachagua tairi itakalolipenda yenyewe. Kisha akaongeza neno ambalo nafikiri lilimtoka tu kwa raha ya kusikika: "Wapimaji wakija, nitawaambia waangalie gari. Nyumba iliyosimamisha gari ndiyo iliyosimamisha boma."

Kaka alijua kabisa kwamba huo ni wazimu. Alikuwa amesoma. Angeweza kusema hapana. Alisema, "Vyema, baba," akatia kiko mfukoni. Sijaona elimu ikikunjwa haraka vile.

Kesho yake tulipokuwa tunachuma pareto ng'ambo, mama yangu aliniuliza, "Gari lina matairi mangapi?"

"Manne, mama."

"Mwalimu anahesabu vibaya. Nimeliona jingine limelala nyuma."

"Hilo ni la spea. Linakaa tu. Linatumika jingine likipasuka."

Akachuma kidogo. Mtoto mgongoni akanyoosha mkono akakamata ua. "Na hilo linalokaa tu ni la nani?" aliuliza.

Nilimwambia kwamba baba hakulitaja. "Basi ni langu," alisema. "Mwambie ndugu yako alichukue lisilokufa upesi. Mengine sijui."

Baba alipoelezwa alicheka hadi akakaa. Nyumba ya tano inataka kulala nyuma? Ilale. Hakuona ubaya, maana spea haionekani. Mama mkubwa naye hakupinga. Alisema tu kwamba Nyasae, Mungu mwenyewe, alipompa mwanadamu akili ya kutengeneza gari, aliliwekea miguu minne, na aliyeongeza wa tano alikuwa na sababu zake.

Tulikwenda Kisii mimi na kaka, siku ya soko, tukapita Daraja Mbili tukiwa tumefunikwa vumbi kama mihogo. Nilibeba maagizo ya nyumba zote kichwani. Nyumba ya kwanza ilitaka lenye mstari mweupe ubavuni, kwa sababu mkuu wa wilaya alikuwa nalo. Nyumba ya pili, waliokuwa Wakatoliki wa kufunga na kuungama, walitaka lenye meno kama la gari la misheni. Nyumba ya tatu, Waadventista, walitaka lisilofanana na la Wakatoliki. Nyumba ya nne ilitaka lolote, ila liwe kubwa kuliko la nyumba ya tatu.

Duka la matairi lilikuwa la Mhindi mmoja mnene aliyekaa mlangoni akinywa chai kwenye kisahani. Kaka akamweleza kwanza alichokuwa akitaka yeye, kwa Kiingereza cha kutoka puani: matairi manne ya kati, yaliyo sawa. Mhindi akafurahi, akaita yaletwe. Yalikuwapo. Manne, mapya, meusi, yananuka mpira, meno mafupi na mifereji myembamba inayopinda. Kaka aliyapapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe wa mahari. Nilimwona akimeza mate, na kwa kitambo nilimhurumia.

Kisha nikatoa maagizo ya nyumba. Mhindi akaweka kisahani chini.

"Ndugu yangu," alimwambia kaka kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilikuwa kimefika mwisho wake, "gari hii iko moja. Kwa nini unataka miguu ya gari nne?"

"Ni mambo ya nyumbani," kaka alisema.

"Nyumbani iko na gari ngapi?"

"Moja."

"Na watu?"

Kaka akarudi kuyapapasa yale manne. Mhindi akanitazama, akatazama juu ambako matairi mapweke yalikuwa yakining'inia kwa miaka, yale yaliyobaki baada ya wenzao kuuzwa, ambayo hakuna mtu mwenye akili angeyataka. Uso wake ukapata nuru. Akapanda ngazi mwenyewe, na unene wake wote, akashusha moja moja huku akiyasifu: hii ya mstari, laini kabisa, kwenye lami unalala usingizi, hii ya meno, kwenye matope ni trekta, hii ngumu, hii pana kidogo, lakini itaingia tu. La mama yangu lilikuwa la mwisho. Lilikuwa tairi lililovishwa mpira mpya juu ya mwili wa zamani, gumu kama kwato, na halikuwa na mstari wala jina.

"Hii hapana sura," Mhindi alisema kwa uaminifu uliomtoka bahati mbaya. "Lakini hii hapana kufa."

Gari likafungwa miguu kwa ukubwa wa nyumba. Tulipotoka mjini lilivuta kushoto, kwa akina mama wa pili, na ukikanyaga breki lilitaka kurudi kulia. Nyuma lilitikisa kiuno. Kaka alishika usukani kwa mikono miwili, amekunja uso, akaniambia, "Kwa kweli, sasa nalisikia barabara." Nilimwambia hata mimi nalisikia.

Wiki zile alilipeleka ofisini na kulirudisha, na kila akifika nyumbani kila mama alikwenda kwenye mguu wake akaupangusa matope. Mama yangu alikuwa wa mwisho. Alifungua buti la nyuma ya gari, akaliangalia tairi lake, akafunga.

Kwenda Nakuru ilibidi mtu mmoja akae kiti cha pili. Nyumba ya kwanza ikipanda, ya pili ingelia. Ya pili ikipanda, Waadventista wangesema gari limekabidhiwa Roma. Ubishi ulipochosha wote, wakaniweka mimi, kwa kuwa hakuna aliyeona kuniweka kuwa ni kuweka mtu. Nyumba ya tano ikakaa mbele, na tairi lake likalala nyuma.

Tulikuwa hata hatujafika Sotik. Barabara ilikuwa imemwagiwa mawe mapya, yenye ncha, na lile tairi la mstari mweupe, laini, la kulala usingizi, likachanika ubavu wote. Kaka alishuka akalitazama. Alizunguka gari mara moja, kama anayetafuta mtu wa kulaumu, akafungua buti.

Alilifunga tairi la mama yangu mbele kulia. Alilifunga mwenyewe, kwa mikono yake, suruali nyeupe imepata matope, na hakusema "kwa kweli" hata kidogo. Mimi nilikaa juu ya jiwe nikala ndizi.

Nakuru sitasema mengi. Magari mengine yalikuwa na matairi manne ndugu, yakaingia kwenye kona kama maji kwenye mfereji. Letu liliingia kila kona likibishana. Mbele kulia gumu, mbele kushoto trekta, nyuma moja jembamba na moja pana: kila moja lilikuwa na rai yake, na kaka katikati akiwasuluhisha. Wazungu na Wahindi waliokaa kwenye nyasi pamoja nami walisimama kuliangalia. Bibi mmoja mwenye miwani nyeusi aliniuliza kama dereva ni mgonjwa. Nikamwambia hapana, ana familia kubwa. Kaka alimaliza wa mwisho, lakini alimaliza. Magari mawili ya matairi laini yaliishia pembeni, na lake lilivuka mstari likiunguruma, tairi la mama yangu mbele, limezimwa rangi na lami, bila jeraha.

Nilifikiri atarudi nyumbani na kusema ukweli. Tulipofika Keumbu alisimamisha gari kwa fundi wa baiskeli.

"Weka hii," alimwambia, akitoa lile lililochanika. "Shona."

Fundi alilitazama kama maiti. "Hii haishoniki, mkubwa."

"Weka kiraka ndani, weka tyubu, jaza upepo. Niende nalo hadi pale tu."

Wakalipachika ngozi ya kiatu kwa ndani, likapandishwa mbele kulia likiwa limevimba ubavu kama mwenye jino bovu. La mama yangu likarudi butini. Sikuamini macho yangu. Nilimwuliza kwa nini, na akasema bila kunitazama, "Baba aliweka utaratibu." Tukapanda kilima cha nyumbani mwendo wa maziko, boma zima limetoka, na mama mkubwa akapiga kigelegele alipoona mstari wake mweupe mahali pake. Kaka akawaambia tairi la nyumba ya kwanza lilishika lami ajabu. Kwa kweli.

Mama yangu alisubiri wamalize kupangusa. Alipofungua buti akapitisha kiganja juu ya tairi. Lilikuwa jeusi kwa lami, na vijiwe vya Sotik vilikuwa vimekwama kwenye mifereji. Alitoa kimoja kwa ukucha, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Limetembea," alisema.

Niliwaka. Nilitaka kusema mbele ya wote, na nadhani macho yangu yalikuwa yameshaanza. Akanikanyaga mguu. Alifunga buti polepole, akaenda kuwasha moto.

Wapimaji wakaja na minyororo na vigingi, na afisa mrefu wa kutoka mbali ambaye hakujua Kikisii, na karani wake. Wazee wa ukoo wakakaa. Gari lilikuwa limeoshwa, limeegeshwa mahali pa kuonekana. Afisa aliuliza kwa Kiswahili boma lina nyumba ngapi. Baba alisimama, akarekebisha kofia, akaonyesha gari kwa fimbo. Akaita ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na kila ilipoitwa vijana wake wenye ndevu walisogea mbele. Akashusha fimbo. Mama mkubwa akasema kwa sauti ya kutosha, "Hizo zinatosha."

Nilimtazama kaka. Alijua, na alikuwa msomi pekee pale ambaye afisa angemsikiliza. Alikuwa akisafisha kiko kwa njiti ya kiberiti, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayefanya kazi ya serikali. Nilimchukia siku ile, na kusema kweli sijawahi kuacha kabisa.

Waliposhuka kwenda kupima, mnyororo ukafika kijitoni na kuvuka. Hapo afisa akasimama. Katikati ya pareto, juu ya tairi jeusi lililolazwa chini, mama yangu alikuwa amekaa, mtoto kifuani ananyonya. Alikuwa amelitoa butini alfajiri na kulivingirisha mwenyewe hadi ng'ambo, na alama yake ilionekana kwenye umande hadi mlangoni pa boma.

"Mama huyu ni nani?" afisa aliuliza.

Kigingi kilikuwa mkononi mwa mtu, kimeinuliwa. Mama yangu hakuinuka, hakulia, hakueleza kitu. Alimtazama baba tu. Nami nilijua neno likikosea hapo tungekuwa wapangaji wa mama mkubwa maisha yetu yote.

"Mzee," afisa alisema, "nimeuliza."

Baba alivua kofia, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya hadharani. "Ni nyumba yangu," alisema.

"Ya ngapi?"

"Ya tano."

"Mbona hukuitaja?"

"Ilikuwa imelala nyuma," baba alisema, na wazee wengine wakatazama miguu yao.

Karani akaandika. Wakapigilia vigingi kuzunguka pareto, kuzunguka migomba, na mama yangu akabaki palepale hadi cha mwisho kilipoingia.

Tairi halikurudi garini. Mama aliliweka mlangoni pake, akawa analikalia akipukuchua mahindi. Haikupita muda, alasiri moja ya mvua, kaka akatokea kwa miguu kutoka Keumbu, viatu vya Uingereza mkononi, suruali imepandishwa hadi magotini. Lile tairi la kiraka lilikuwa limekufa njiani mwisho wa kufa. Alisimama mbali kidogo, maana kwetu kijana hamkabili mke mdogo wa baba yake kwa maneno, akaniomba mimi nimwombee spea.

Nikamgeukia mama. Alikuwa amesikia kila neno. Aliendelea kupukuchua, punje zikidondoka ndani ya ungo, na hakuinuka kwenye tairi.

"Mwambie atumie yale manne," alisema. "Yanatosha."